Saa Uliyokuwa Hewani Bila Mimi

Nyamisangura, Tarime

Mwanangu Matiko,

Watu huanza barua kwa kuulizana hali. Hali yako naijua, maana umetoka hapa sasa hivi na ugali wako uko mezani, umefunikwa, hujaugusa. Umekwenda Turwa kumuaga bibi yako. Nimesikia ulivyofunga geti polepole, kwa adabu, kama mtu anayetoka kwenye nyumba ya watu. Ningependa ungelibamiza. Mtoto anayebamiza geti bado anagombana na mama yake. Anayelifunga kwa adabu amekwisha kuondoka.

Hasira yako ni ya haki, sitaki kuipunguza. Umesikia kwamba nilikwenda kwa yule mzee wa kanisani anayefahamiana na watu wa afya, nikamwomba akusemee, kituo chako cha kazi kibadilishwe, uletwe hapahapa Tarime badala ya Mtwara. Sikukuambia. Nilikusaidia kupiga pasi mashati ya safari huku naomba moyoni safari isiwepo. Jana jioni ulisimama mlangoni na shati mkononi, ukaniuliza neno moja tu: "Mama, na safari hii pia?" Nikajifanya sikuelewa.

Nilielewa. Ulikuwa unasema habari ya shule ya bweni. Ulipochaguliwa kwenda kidato cha kwanza kule Tabora, nilisema kifua changu kinauma, nani atanisaidia nyumbani, na baba yako akachoka kubishana na mimi. Ukasoma shule ya kutwa hapa mjini. Ulinuna muda mrefu, halafu ukanyamaza, nami nikafikiri umesahau. Kifua hakikuwa kinauma, Matiko. Au kilikuwa kinauma, lakini siyo ugonjwa wa kupeleka hospitali.

Sasa nikuambie jambo la leo mchana. Tulipokuwa tunakula, baba yako alikuuliza kutoka Mwanza mpaka Dar es Salaam ni mbali kiasi gani kwa ndege. Ukatoa simu ukatusomea: kilomita mia nane na kitu kwa njia ya angani, muda kama saa moja na nusu, halafu kutoka Dar mpaka Mtwara kama saa moja nyingine. Ukamsifu mjomba wako wa ng'ambo ya Sirari, kule Kenya, kwa kukukatia tiketi, ukasema kwa basi ungelala njiani na kuamka bado hujafika. Ukacheka. Ukasema ndiyo mara yako ya kwanza kupanda ndege, na hujui kama utaogopa.

Baba yako akaniangalia. Mimi nikainuka kwenda kuleta maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Siyo mara yako ya kwanza. Ulipanda ndege kabla hujajua kusema neno "ndege". Baba yako analijua hilo na bibi yako analijua, lakini niliwaomba wasikwambie, na wakanisitiri mpaka leo. Sikuona aibu kwa ajili yako. Niliona aibu kwa ajili yangu. Acha nikueleze yote, halafu utaamua mwenyewe kama hasira yako inabaki ileile.

Unajua kwamba wewe hukuzaliwa hapa mjini. Tulikuwa tunaishi kijiji cha pembeni mwa hifadhi, wilaya ya Serengeti, kwa sababu baba yako alikuwa ameajiriwa kutunza kiwanja kidogo cha ndege za watalii. Kilikuwa kiwanja cha udongo na changarawe. Kazi yake ilikuwa kufyeka nyasi, kufukia mashimo, na ndege ikisikika, kukimbia uwanjani kufukuza nyumbu na swala ili itue. Watu wa pale wengi ni Waikoma. Mimi nilikuwa Mkurya wa Tarime, bibi harusi wa juzi, nasalimia watu nusu kwa lugha yangu nusu kwa Kiswahili, na wewe ndiye uliyekuwa ukoo wangu wote mle kijijini.

Zahanati ilikuwa na nesi mmoja. Aliitwa Tabitha, Muha wa Kigoma, msichana mrembo, mweusi, anaongea haraka. Serikali ilimpeleka pale akiwa ametoka chuoni tu. Sikumpenda. Nikikuambia sababu utacheka: siku moja alinigombeza mbele ya wanawake wenzangu kwa kuchelewesha chanjo yako. Alikuwa hana mume wala mtoto, nami nikajiuliza huyu anajua nini. Wanawake wa pale nao walimwita "yule wa kuja." Nikalipokea jina hilo nikalitumia, mimi ambaye pia nilikuwa wa kuja.

Masika ya mwaka ule yalikuwa mabaya. Ulikuwa umeanza kutembea kwa kushika ukuta. Ukapata homa, nikakukanda maji, ikashuka, ikarudi. Nilipokufikisha zahanati ulikuwa umelegea. Nesi Tabitha alifunua kope yako ya chini akanionyesha. Ndani hakukuwa na wekundu. Alisema ni malaria, imekula damu, na dawa anayo lakini damu hana; inabidi uongezewe damu hospitali, tena haraka. Akakuwekea dripu kichwani, pale penye kovu dogo ambalo kila mara huwa unaniuliza nami nakujibu ulianguka. Ukiwa mikononi mwangu ukashikwa na degedege. Mwili wako wote ukakakamaa, macho yakapinduka. Sitaki kukuandikia zaidi, wewe ni tabibu, umeshaona ya watoto wengine.

Njia ya kwenda Mugumu, kwenye hospitali ya wilaya, ilikuwa imekatika. Mto ulikuwa umepanda juu ya daraja na gari halikuweza kuvuka. Baba yako alikuwa kazini, nikatuma mtu amwite. Akaja mbio, matope mpaka kiunoni, akasema kuna ndege ndogo imetua kuleta wageni, inarudi Mwanza tupu, na rubani amekubali kungoja kidogo kwa sababu wingu linakuja.

Tukaenda mbio mimi, baba yako na Nesi Tabitha aliyekuwa ameshika juu ile chupa ya dripu. Ulikuwa umefungwa kifuani kwangu kwa kitenge. Rubani alikuwa kijana mpole, mtu wa Moshi. Alitazama uwanja, akatazama wingu, akatuambia ukweli wake: udongo umelowa, ndege lazima iwe nyepesi la sivyo haitanyanyuka kabla uwanja haujaisha. Atachukua mtoto na mtu mzima mmoja.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuweka mguu kwenye ngazi. Hapakuwa na swali. Mama ni mimi.

Nesi Tabitha hakunisemesha mimi, alimsemesha baba yako. Alimwuliza kwa sauti ya chini, "Akishikwa tena huko juu, mama atamfanyia nini?"

Baba yako aliinua uso juu. Nilimwona anaangalia wingu kama rubani. Halafu akaniambia kwa Kikurya, neno moja: nimpe.

Nilikataa. Nilisema maneno ambayo mke hamwambii mume mbele ya watu. Alikuja akaanza kufungua kitenge. Fundo lilikuwa limelowa, limekaza, akalikata kwa kisu. Akakutoa kifuani kwangu akamkabidhi msichana yule ambaye nilikuwa namwita wa kuja, naye akapanda bila kugeuka nyuma. Mlango ukafungwa.

Na unajua baba yako alifanya nini baada ya hapo? Alikimbia uwanjani kufukuza swala. Ndiyo ilikuwa kazi yake, na bila hivyo ndege isingeondoka. Nilimwona anakimbia kwenye mvua anapunga mikono, anaisafishia njia ndege iliyombeba mtoto wangu, na wakati ule nikamchukia kama sijawahi kuchukia mtu.

Kutoka pale mpaka Mwanza, ndege ile haichukui hata saa nzima. Kwenye kambi ya wageni iliyokuwa jirani palikuwa na redio ya mawasiliano. Tukasimama nje ya dirisha lake. Baadaye yule mtu wa redio akatoka na uso wa furaha, akasema ndege imetua salama. Nikamwuliza, na mtoto? Akasema wametaja ndege tu. Nikamwomba aulize tena. Akauliza, mvua ikawa imeanza kule, redio ikawa inakwaruza, hakuna aliyejibu. Ndege imetua salama. Ndicho tulichoondoka nacho.

Tulianza safari mchana uleule. Tulivuka mto mbali sana juu, mahali ambapo Waikoma walituonyesha, tumeshikana mikono katika maji ya kifuani. Tukatembea. Usiku tulilala kwa mzee mmoja wa kabila la Wanata ambaye hakutuuliza lolote, alitupa uji wa mtama akatandika ngozi. Kesho yake tukapata lori la pamba mpaka Bunda, na kutoka Bunda basi. Njia yote ile sikumsemesha baba yako. Tulipokaribia Mwanza, yakaanza kuonekana yale mawe makubwa, ndipo nikafungua mdomo.

"Ulimpa mgeni mtoto wangu," nilimwambia.

Akanijibu bila hasira, "Nilimpa mtu anayejua."

Nilikaa na jibu hilo miaka mingi kama mwiba, Matiko. Lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli.

Hospitalini tulikuta wodi ya watoto imejaa, vitanda vina watoto wawiliwawili. Nilianza kupita kitanda kimoja kimoja natafuta. Sikukupata kitandani. Nilikukuta mapajani kwa Nesi Tabitha, umekaa mwenyewe, unalishwa uji kwa kijiko. Macho yako yalikuwa yamerudi. Nilipiga magoti nikanyoosha mikono, nikakuita.

Ukaniangalia. Ukageuka ukaficha uso kwenye kifua chake, ukashika kola ya gauni lake la kazi kwa mikono miwili, ukalia.

Wanawake wa wodini wakacheka, siyo kwa ubaya. Nesi Tabitha akaona haya, akasema umeamka sasa hivi, utanizoea. Utanizoea! Mimi niliyekuzaa. Mama mmoja wa kitanda cha jirani, kwa nia njema, akaniambia nimshukuru sana dada yule, maana walipofika damu ilikuwa haba, ndugu ndio hutakiwa kuchangia, na ndugu hakukuwepo; akatoa yake. Tabitha mwenyewe hakuwa ameniambia hilo, wala hakuja kuniambia kamwe.

Nilipaswa kumkumbatia. Baba yako alimshika mikono yote miwili. Mimi nilikuchukua kwa nguvu ukiwa unalia, nikasema ahsante kama mtu anayerudishiwa sufuria aliloliazimisha.

Tuliporudi kijijini nilifanya vibaya zaidi. Kisimani wanawake waliniuliza ilikuwaje. Nikawaambia yule msichana alikuwa na hamu ya kupanda ndege, akatafuta sababu. Walicheka. Maneno ya kisimani hayakai kisimani, yakamfikia. Aliendelea kukupima uzito kila mwezi, anakuandika kwenye kadi, ananisalimia, "Habari za nyumbani, Mama Matiko," nami najibu nzuri, nakufunga mgongoni, naondoka. Wewe ulikuwa ukimwona unachekelea, unamnyooshea mikono. Nikaanza kukupeleka kliniki huku nimekugeuzia upande wa pili.

Mwaka ulipita na zaidi. Siku moja akaja nyumbani. Sikuwa nimewahi kumwona nyumbani kwangu. Alikuwa na begi, akasema amehamishwa, gari linamsubiri barabarani, amepita kuaga. Baba yako hakuwepo. Nilimpa kiti kwa sababu ni desturi. Wewe ulikuwa umelala.

Sijui ni nini kilichonifungua mdomo. Labda ni kuona begi lile, dogo kuliko nilivyodhani, la mtu aliyekaa kwa watu muda wote ule na hakuna anayemsindikiza. Nikamwuliza jambo nililokuwa nalo tangu siku ile: "Huko juu, alilia?"

Akaniangalia, na kwa mara ya kwanza nikamwona hana haraka ya kuongea.

"Mama Matiko, mimi nilikuwa sijawahi kupanda ndege," alisema. "Niliogopa mpaka nikatapika kwenye mtandio wangu hata kabla hatujafika juu. Hakulia. Ningefurahi angelia. Tulipokuwa juu ya ziwa akashikwa tena. Nikamlaza ubavu, nikamsafisha mdomo, nikangoja pumzi irudi. Haikurudi. Nikampigia kelele rubani, akasema, dada, mimi naweza kuendesha tu. Nikampulizia, nikamwita jina, Matiko, Matiko. Nikawaza labda sauti yangu haijui. Nikakumbuka wewe kliniki ulikuwa unamwita mura, kama Wakurya mnavyowaita vijana wenu. Basi nikaanza kuita hivyo. Mura, ee mura. Nikaigiza sauti yako kabisa, na Kikurya sikijui. Nikaita hivyohivyo mpaka akavuta pumzi, na hata alipovuta sikuacha, niliogopa kuacha. Mpaka tunatua nilikuwa naita."

Kisha akasema, "Sikutaka kukuacha chini. Nilitamani uende wewe, mimi nibaki. Ila ningekwambia nini, kama angefia mikononi mwako kwa kitu ninachokijua mimi?"

Mwanangu, saa ile yote nilikuwa nimeijaza mambo yangu mwenyewe. Akilini nilimwona anatazama ziwa dirishani, amekaa vizuri, amestarehe, amebeba mtoto wangu kama wake. Kumbe alikuwa msichana anayetapika kwa hofu, asiye na mtu, anaigiza sauti ya mwanamke asiyempenda ili mtoto wa mwanamke huyo asife.

Nilikwenda kukuamsha. Nikakuleta, nikamkabidhi mwenyewe, kwa mikono yangu, safari hii bila kukatiwa kitenge. Ukamkumbuka mara moja. Akakushika kidogo, akanirudishia, akasema gari litamwacha. Nilibeba begi lake mpaka barabarani. Nilimwambia ahsante pale, mbele ya dereva na wanawake waliokuwa wanapita, kwa sauti ambayo kila mmoja aliisikia. Ilikuwa imechelewa, lakini niliisema. Tangu hapo sijamwona. Niliwahi kusikia kwamba yuko Sumbawanga, mwingine akaniambia ameolewa Katavi. Baba yako alijaribu kumtafuta ulipomaliza chuo, hakumpata.

Ungefikiri siku ile ilinitibu. Iliitibu akili. Mikono haikusikia. Mikono yangu ilikwisha kujifunza jambo moja, kwamba nikikuachia unaweza kurudi huniitikii, na haikutaka kufundishwa lingine. Ndiyo maana hukulala kwa rafiki hata siku moja. Ndiyo maana tulipohamia hapa, nikaweka cherehani yangu mahali ambapo ningeliona lango la shule yenu. Na Tabora, na kifua changu. Baba yako aliniambia wakati ule kwamba nakushika mpaka nakuumiza. Nikamjibu yeye ndiye aliyekuachia, basi aniache mimi nishike. Unaona jinsi jambo moja linavyoweza kulishwa miaka yote hiyo? Alivumilia. Hakunikumbusha hata mara moja kwamba uko hai kwa sababu ya neno lake lile moja. Mimi ningekumbusha kila siku.

Naandika haya siyo ili unisamehe haraka. Naandika kwa sababu ya jambo lililonijia leo nilipokuwa nachota yale maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Nilikuwa nikikufikiria wewe kama mtoto yule wa ndege. Ndivyo nilivyokuona ukisoma habari za saa moja na nusu: mtoto wangu anakwenda hewani, sipo. Lakini wewe si yule mtoto tena. Ukifika huko, wewe ndiye Tabitha. Kijana wa Mara, unaongea Kiswahili cha kwetu kizito, unapelekwa na serikali kwenye kijiji usichokijua, kwa watu wasiokuomba uje. Watakucheka unavyotamka. Watakuita wa kuja, na watakuwa na haki ya kukuogopa, maana utawashika watoto wao.

Siku moja atakuja mama na mtoto aliyelegea. Utamwambia jambo la kweli naye ataona unamnyang'anya. Atakutazama kama mimi nilivyotazama. Huenda baadaye akakusema vibaya kisimani, na wewe utajua, na kesho yake itabidi umpime mtoto wake uzito. Sina maneno ya kukufundisha ufanye nini. Mimi najua upande mmoja tu wa jambo hili, upande wa yule mama. Kwa hiyo nakuambia lililo ndani ya mama huyo ili usilazimike kubahatisha: hakuchukii wewe. Anachukia kwamba wewe unajua na yeye hajui, na kwamba mtoto ni wake. Ukiweza, sikiliza anavyomwita mtoto wake. Huwezi kujua lini utalihitaji neno hilo.

Na wewe utaogopa pia. Usione haya kwa hilo. Ningejua mapema kwamba Tabitha aliogopa, ningempenda mapema. Nilidhani anayejua haogopi. Mtu akikuona unafanya kazi yako huku unaogopa, usimfiche sana.

Kuhusu yule mzee wa kanisani, nimempigia simu kabla ya kuanza kuandika. Nimemwomba radhi, nikamwambia aache, mwanangu anakwenda Mtwara na mama yake ameridhia. Akasema kwa kweli alikuwa hajafanya lolote, alikuwa anangoja nitulie. Watu wazima wananijua kuliko ninavyojijua.

Baba yako amesema kwenye gari la kwenda Mwanza kuna nafasi moja zaidi. Niliapa sitakuja, lakini nitakuja. Nitasimama nje pale wanaposimama wasindikizaji, na ukiingia ndani usigeuke kama hutaki. Tabitha hakugeuka, na sasa najua ni kwa sababu angegeuka asingeweza kupanda.

Huko juu kukiwa na mtu karibu yako anayeogopa, msemeshe.

Ukifika Mtwara jua litakuwa bado halijazama. Mama wa nyumba utakayofikia simjui, wala jirani yako, wala mganga mkuu wako. Nimejikuta nataka kuwachukia kabla sijawajua, nimejikataza. Ukishuka, usikimbilie simu kunipigia mimi. Waamkie kwanza wale watakaokupokea, mkubwa kwa mdogo, kila mmoja kwa heshima yake, ukae nao, unywe maji yao. Mimi nitangoja. Nipigie baadaye, ukiwa umeshajua majina yao, unitajie.

Ni mimi mama yako,
Gati